Rayoni Nne za Gurudumu la Mbele

Ting. Sauti ndogo tu, kama mtu amegonga chuma chembamba kilichokazwa sana. Nilikuwa nimekaa mbele ya duka langu hapa Shari, Bunia, mvua imetoka kupita, udongo mwekundu unanukia vizuri, ninasubiri wateja wa matairi na minyororo. Nikageuka kuangalia magurudumu niliyotundika mlangoni, nikidhani kuna mtu anayapima. Hakukuwa na mtu. Alikuwa mjukuu wangu Furaha, amekalia ndoo iliyopinduliwa, vidole vinakimbia juu ya telefone.

"Koko, kuya unisaidie kuchagula," aliniita. Koko ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita babu yao, na huyu wangu analitamka kwa utamu zaidi jina hilo anapotaka kitu.

Nikasogea. Ndani ya telefone kulikuwa na msichana wa kuchorwa, nywele hadi kiunoni, mrusha mishale. Furaha aliniambia yule msichana ndiye yeye, na lazima amchagulie silaha. Kulikuwa na upinde wa mti mwepesi, unaopiga haraka lakini hauui kitu kikubwa. Kulikuwa na upinde mrefu, mzito kuvuta, ambao mshale wake unapasua ngao. Wa tatu ulikuwa wa pembe, na ncha za mishale yake zinawaka moto. Kila upinde unaweza kupanda grade. Unaokota vyuma, unavipeleka kwa fundi mzee mwenye ndevu aliyekaa pembeni ya moto, yeye anapiga nyundo, ting, na upinde wako unakuwa mkali kuliko jana.

"Vyuma unatosha wapi?" nilimuuliza. Kutosha kwetu ni kutoa.

"Unavunja kitu ingine, koko. Ona, hii ngao. Ukivunja ngao, unapata vyuma."

"Na kama ngao iko ya mutu mwingine?"

Alinitazama jinsi wanavyomtazama mtu asiyejua hata kuwasha telefone. "Koko, iko mchezo tu."

Wanaonijua watakuambia mimi si mtu wa kukosa jibu. Nilisoma hadi mwaka wa tatu wa primeri, nikaacha, na kwa kichwa hicho hicho cha mwaka wa tatu nimejenga nyumba za matofali na kusomesha watoto wote niliozaa. Kwenye arusi na kwenye matanga watu wamezoea kunisikia nikisema hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu, kila nilicho nacho nilikitoa kwa mikono hii. Ninaandika haya kwa mikono hiyo hiyo, na kama herufi zimelala upande, wewe unayesoma utanisamehe. Lakini siku ile niliinama juu ya telefone, maana yule fundi wake, na nyundo yake, na ule moto mdogo, mimi nilimjua.

Jina lake lilikuwa Bahati. Alikuwa fundi wa kinga, ndiyo baiskeli kwetu, katika mtaa wetu nilipokuwa mtoto wa miaka tisa. Alikuwa na sanduku la mbao, jiko la makaa, na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe. Alinuka mafuta ya mashine na gundi ya kubandikia mipira, na alikuwa na kawaida ya kuongea na magurudumu: "Weye, tulia. Weye unanidanganya." Siye watoto tulimcheka, lakini tulipenda kukaa kwake.

Tulikuwa na ufalme wetu. Ulikuwa juu ya kichuguu nyuma ya parsele ya wazazi wangu, ndiyo kiwanja, pale mama zetu walipoloweka mihogo, na harufu ya ule uchachu ndiyo ilikuwa hewa ya nchi yetu. Aliyeutawala alikuwa Klementina, binti wa jirani, aliyenizidi mwaka mmoja na maneno elfu. Mfalme alikuwa kaka yake, lakini huyo alikaa tu juu na kuvaa kofia. Klementina ndiye aliyesema nyama gani, yaani mnyama, imetoka porini leo, ina meno mangapi, imemla nani. Yeye ndiye aliyetupa kila mtu kazi yake. Siku ya kwanza alitandika silaha chini, mkuki wa mti wa mwiko, rungu, fimbo ya mfumu, ndiye mganga, na upinde wa tete wenye kamba ya mgomba.

"Chagula," aliniambia. "Ukishachagula, hapana kubadilisha mpaka ukufe."

Nilichagua upinde. Nilipenda kwamba mwenye upinde anaua akiwa mbali, hapati hata tone la damu.

Upinde wa tete ulivunjika siku ya pili. Klementina akasema nimeshuka, nianze tena. Nikakata tawi la mpera, nikalikausha juu ya jiko la mama hadi likawa na rangi ya asali, nikapanda grade. Baadaye mtu aliyeleta vikapu sokoni kutoka upande wa msitu alinipa kipande cha kekele, ule mti mwembamba kama kamba wanaofumia viti. Nikaupasua, nikaukwangua, ukawa kamba iliyolia mbuu nilipoiachia. Nikapanda tena. Mishale ilikuwa ya tete yenye mwiba mbele. Niliweza kupiga papai kutoka upande mmoja wa parsele hadi mwingine, na sijisifu bure, mama alinichapa kwa ajili ya yale mapapai.

Halafu Klementina akatuletea nyama mpya. Ilitoka mto Semliki, alisema, ngozi yake ni bati, na ina macho manne. Ukilipiga jicho moja, yale matatu yanakuona. Lazima yatobolewe yote manne kabla hujahema.

"Na hii miiba yako itafanya nini?" alinicheka mbele ya wote. "Itaikuna mugongo? Nyama itasema aksanti."

"Nitatosha chuma."

"Wapi? Baba yako iko na kiwanda?"

Walicheka wote, hata mfalme. Sasa nikiwaza ninaona ni kicheko kidogo tu cha watoto. Wakati ule kilinichoma kama moto wa kweli.

Kwetu alikaa mdogo wa baba yangu, Baba Mudogo Dismas. Alikuwa na kinga nyeusi, kubwa, na kazi yake ilikuwa kupandisha chumvi na sabuni hadi Kpandroma, kule juu kwenye baridi, na kurudi na maharagwe na kabichi. Safari ilikula siku nyingi. Kupanda alisukuma, kushuka aliketi, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa breki. Alirudi amejaa vumbi hadi kwenye kope, akinichekea kwa meno, na kila mara alikuwa na kitu mfukoni kwa ajili yangu, hata kama ni karoti moja. Nilimpenda. Niliandike hilo, lisipotee.

Kabla ya kila safari alikuwa na desturi yake, na wabeba mizigo wote wa barabara ile walikuwa nayo. Aliinua gurudumu, akalizungusha, akachukua kijiti na kugonga rayoni moja baada ya nyingine, vile vyuma vyembamba vinavyoshika gurudumu. Ting, ting, ting. Iliyolegea inasema tak. Aliposikia tak, hakutoka.

Jumamosi moja alimpelekea Bahati gurudumu la mbele. Bahati alishinda nalo siku nzima, akatoa rayoni zilizochoka, akaweka mpya, akalinyoosha hadi likazunguka bila kutikisika. Kwetu kuna sheria ya mafundi ambayo haikuandikwa popote: mkono wa mwisho ulioshika gurudumu ndio unaojibu kwa ajili yake, hadi kinga ifike ilikokuwa inaenda. Mimi nilikuwepo nikiangalia jinsi anavyofungua na kukaza. Nilikuwa na macho mazuri, na hilo ndilo balaa.

Jumapili nilisema nina homa. Mama alinigusa shingo, akasita, akaniacha, wakaenda misa wote. Kinga ilikuwa imeegemea ukuta, tayari kwa Jumatatu. Nilichukua koleo ya Baba Mudogo na kufungua rayoni nne, zile mpya zinazong'aa. Nilizichukua zilizofuatana, upande mmoja, kwa sababu upande ule ulitazama ukuta na mtu asingeona upesi. Kama ningezitoa moja hapa, moja kule, pengine gurudumu lingevumilia. Hilo nalijua leo, maana ndiyo kazi inayonilisha. Mahali pake niliweka vijiti vya tete, nimevikwangua vikawa vyembamba, nimevivika ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Ving'ae, visionekane. Nilijipongeza kwa akili yangu.

Mchana nikaenda kwa Bahati. Alikuwa amekaa nje na shati lake la misa, anakula mahindi ya kuchoma.

"Fundi, nipigie hizi ncha."

"Leo siku ya Mungu. Kazi hapana." Akatafuna. "Hizi za nini?"

"Za mishale. Kuko nyama ya macho mane."

"Macho mane?" Akaweka hindi chini. "Basi huyo anaona hata mutu wa nyuma. Leta. Mchezo haiko kazi."

Alipozishika alizigeuza mkononi. "Hizi ni mupya, mwana. Ulizitosha wapi?"

"Baba Mudogo alinipa. Zilibakia."

Dismas alikuwa na kawaida ya kufunga rayoni za akiba kwenye chuma cha kinga yake, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na miguu ya kusimamia. Bahati aliniamini. Alivuvia makaa, akakata kila rayoni, akapiga ncha juu ya kile kipande cha reli hadi zikawa bapa kama majani ya mchaichai, na kila alipomaliza moja aliigonga kwa kucha. Ting. Alizifunga kwenye matete yangu kwa uzi wa mpira, vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Alifurahi. Nafikiri alikuwa anacheza na yeye.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na manyunyu na Baba Mudogo alikuwa amechelewa. Nilisimama mlangoni. Alifunga gunia, akainua gurudumu, akatafuta kijiti chini kwa macho. Halafu akaliachia.

"Bahati njo alilishika juzi," alimwambia mama. "Nipime nini tena?"

Akanipapasa kichwa, akasukuma kinga yake, akaenda. Mdomo wangu ulikuwa na maneno. Niliyameza, nikajiambia nne ni kitu gani kati ya zote zile.

Siku ile ile jioni tuliua nyama ya Semliki. Ilikuwa kapu kubwa kuukuu, limevikwa bati, na macho yake manne ni mashimo. Nilipiga mishale minne bila kuhema. Klementina mwenyewe alipiga magoti juu ya kichuguu, akanipaka majivu kwenye paji la uso na kuniita Mukubwa wa Mishale, na sijui kama kuna siku nyingine katika maisha yangu, ya arusi au ya duka, niliyojisikia mrefu kama vile.

Baada ya siku tatu kamyo, ndiyo lori, ilisimama barabarani, wakamshusha Baba Mudogo juu ya mlango uliong'olewa. Kwenye mteremko, mbali huko juu, gurudumu la mbele lilijikunja likafanya umbo la nane. Mzigo ulimpitia mgongoni, goti likavunjika vibaya. Harufu ya dawa ya majani waliyomfunga imekaa katika pua yangu hadi leo.

Waliitana parsele kwetu. Muzee wa avenue, ndiye mkuu wa mtaa, aliketi kwenye kiti, Baba Mudogo alilazwa kwenye mkeka, na lile gurudumu liliwekwa katikati kama maiti. Muzee akachomoa kipande cha tete chenye karatasi ya fedha, akakiinua watu wote waone. Watu wakaguna.

"Bahati, nani alishika hii gurudumu mwisho?"

"Miye."

"Na hii matete?"

Bahati alikichukua. Alikinusa, akakibandua karatasi taratibu kwa kucha. Kisha akainua macho, na macho yake hayakutafuta. Yalikuja moja kwa moja nilipokuwa, nyuma ya mama, nimeshika kitambaa chake kwa mikono miwili. Mishale ilikuwa imefichwa katika paa la kibanda cha kuku, hatua kumi kutoka pale. Nilijua imekwisha. Nilisubiri jina langu.

"Mukono ya mwisho ilikuwa yangu," alisema Bahati.

Basi. Baba Mudogo akageuza uso kwenye mkeka. "Mwizi," alisema, na sauti yake haikuwa hata na hasira, ilikuwa imechoka. "Nilikuamini mpaka sikugonga."

Hakuna aliyempiga. Walifanya kitu kibaya zaidi, waliacha kumpelekea kinga zao. Wiki chache zikapita, akafunga sanduku lake, akalitwika kichwani na kuondoka kwenda Boga. Alipita karibu na kichuguu chetu, mimi niko peke yangu juu. Akasimama.

"Mwana, ile nyama, muliiua?"

"Ndiyo, fundi."

"Macho yote mane?"

"Yote."

"Basi, muzuri," akasema, akarekebisha sanduku, akaenda.

Nilifikiri amesahau. Nilifikiri yeye ni mzee, hakuunganisha rayoni zangu na zile. Nilifurahi, ninawaambia ukweli, nilikimbia nikatupa mishale katika shimo la choo, na nikalala vizuri. Upinde sikuugusa tena, lakini huo ulikuwa woga, msinipe sifa.

Baba Mudogo hakupanda kinga tena. Alikaa kibarazani na kuuza chumvi kwa kikombe, mguu umenyooka mbele kama mti. Nilipokua nikaanza kupata, nilimjengea, nilimlisha, nilimvalisha, na mtaa mzima walinisifu: huyu ndiye mtoto. Nilizipokea hizo sifa. Kila kinga ilipopita mbele yake yenye gurudumu linalolia, alisema, "Huyo ametengenezewa na ndugu ya Bahati, yule mwizi." Mimi nilikuwa hapo, ninamshikia sahani. Nilikuwa na miaka mingi ya kufungua mdomo. Alikufa na neno hilo, na mimi ndiye niliyelifunga naye kwenye jeneza.

Nikiwa mtu mzima tayari, mwenye ndevu, nilikwenda Boga na moto yangu, ndiyo pikipiki, nyuma nimefunga kasha la rayoni mpya. Nilijiambia nitamwambia. Nilimkuta mke wake anachambua maharagwe. Bahati alikuwa ameshazikwa, tangu mavuno yaliyopita.

"Alikuwa na maneno yake," mama yule aliniambia, akicheka kidogo. "Kila mwenye kinga lazima agonge rayoni yeye mwenyewe, moja moja, mbele yake. Hata shefu wa kijiji. Watu walimucheka sana. Weye ulimujulia wapi?"

"Bunia. Nilikuwa mteja."

Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe. "Basi unajua kama hakuiba."

"Hakuiba, mama."

"Unajua je?"

Njia nzima kutoka Bunia nilikuwa nimepanga maneno. Nikamtazama usoni, nikasema, "Alikuwa mutu muzuri." Nikaacha kasha kwenye baraza, nikawasha moto yangu, nikarudi.

Mtoto wa miaka tisa alidhani ameponea kwa bahati. Huyu mzee anajua kwamba Bahati aliona kila kitu mara tu alipokinusa kile kijiti, na akachagua. Kwa nini, sijui vizuri. Siku nyingine nasema alinihurumia, maana Baba Mudogo angenichukia maisha yake yote, na mimi nilikuwa wa kulelewa bado. Siku nyingine nasema alijihukumu mwenyewe, kwa vile mikono yake ndiyo iliyozipiga zile ncha na kufurahi. Huwa nachukua lile linaloniuma kidogo. Lakini ninapojigamba kwamba hakuna mtu aliyenipa kitu, ninadanganya. Mtu yule alinipa jina lake zuri, nikalivaa, na nimefanya nalo biashara hadi leo.

Yote haya nilimwambia Furaha pale pale, yeye wa kwanza. Alisikiliza, kidole kimesimama hewani.

"Na weye ulinyamaza tu, koko?"

"Nilinyamaza."

"Hata kwa ule mama?"

"Hata kwake."

Aliwaza. "Batoto ya Bahati bako? Boga haiko mwisho wa dunia." Nikasema nitauliza. Akaendelea kunitazama hadi nikasema tena, kwa sauti ya mtu anayeahidi, kwamba nitaenda. Ndipo aliporudi kwenye telefone yake, akaishika ile ngao kwa kidole, akaiangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mchezo, na akaivunja. Ting.

Wakati huo alifika kijana aliyeniachia gurudumu asubuhi. Nililitungua, nikampa pamoja na kijiti.

"Gonga," nilimwambia. "Moja moja."

Akacheka. "Muzee, miye nakuamini."

"Usiniamini," nilimwambia. "Gonga."